Utajuaje kama msimamo wako wa kisiasa ni wako au ni wa kundi?

Mdadisi

Wakuu, naomba tulichambue hili taratibu. Mtu akikaa ndani ya chama au vuguvugu la kisiasa kwa muda, maoni yake huanza kulandana na ya wenzake hata kwenye mambo yasiyohusiana. Kiwango cha kodi na usalama wa vinu vya nyuklia ni maswali mawili tofauti kabisa, lakini mara nyingi ukishajua mtu anasimama wapi kwenye la kwanza, unakisia la pili na unapatia. Haiwezekani kila mmoja amekaa peke yake, akapima ushahidi, kisha wote wakafika palepale.

Ninachotaka kujua: kuna kipimo ambacho mtu anaweza kujifanyia ili atenganishe msimamo alioufikia mwenyewe na ule aliobebeshwa? Na je, dawa ni kujitoa na kusimama peke yako, au kuna namna ya kubaki mwanachama bila kukabidhi akili yako? Tafadhali tusiishie kwenye "fikiri kwa kina", maana kila mtu anaamini tayari anafanya hivyo.

Hoja Kwanza

Hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo penye ugumu, mkuu. Mwaka 2003 Geoffrey Cohen, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha majaribio ambamo wanafunzi wa mrengo wa kushoto na wa kulia walisoma sera ya misaada ya serikali kwa familia maskini. Kulikuwa na toleo la ukarimu mkubwa na toleo la kubana. Bila kuambiwa nani anaiunga mkono, kila upande ulifuata itikadi yake. Walipoambiwa msimamo wa chama chao, waliufuata, hata sera yenyewe ilipokwenda kinyume na itikadi yao. Walipoulizwa kilichowaongoza, wakataja maudhui ya sera na falsafa yao wenyewe. Nguvu ya nembo ya chama waliiona kwa watu wengine, hasa wapinzani.

Kwa hiyo kujiuliza moyoni "je, nimefuata mkumbo?" ni kazi bure. Jibu litakuwa hapana kila siku. Unahitaji kipimo kinachoacha alama nje ya kichwa chako.

Ninachokiamini zaidi ni kuandika kabla ya kusikia. Hoja mpya ikiibuka, kabla hujamsikiliza kiongozi au mchambuzi unayempenda, andika mambo matatu: msimamo wako kwa sentensi moja, uhakika wako kwa asilimia, na jambo ambalo likionekana utabadilika. Weka tarehe. Ndipo usikilize kundi. Ukishakusanya hoja kama kumi, angalia ni ngapi ulihama kuelekea kwa wenzako, na kwa kila moja taja taarifa mpya iliyokuhamisha. Ukiweza kuitaja, ulijifunza, na hakuna aibu kujifunza kutoka kwa kundi. Ukihama bila kuweza kutaja hata moja, hapo ulisukumwa.

Watu huharibu kwenye lile jambo la tatu. Wanaandika sharti lisiloweza kutimia, kwa mfano "nitabadilika ikithibitika pasipo shaka yoyote". Andika kitu kinachoweza kuonekana ndani ya mwaka mmoja au miwili: namba, hukumu, tukio. Kosa jingine ni kuandika baada ya kuona vichwa vya habari. Kichwa cha habari tayari kimeshakuambia nani yuko upande gani.

Kipimo cha pili ni kugeuza matokeo. Mwaka 1979 wanasaikolojia Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwapa waliounga mkono na waliopinga adhabu ya kifo tafiti zilezile. Kila upande uliona kasoro kwenye utafiti usioupenda, na kwa maelezo yao wenyewe wakamaliza wakiwa mbali zaidi kuliko mwanzo. Mwaka 1984 Lord na Lepper, safari hii na Elizabeth Preston, walijaribu tiba mbili. Kuwaagiza watu wapime bila upendeleo, kama jaji, hakukusaidia. Kuwaagiza wajiulize kila hatua kama wangetoa tathmini ileile endapo utafiti huohuo ungetoa matokeo ya upande wa pili, kulisaidia. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwetu: usijiagize uadilifu, jipe swali mahususi. Kwa vitendo, soma kwanza sehemu ya mbinu, funika matokeo, toa alama, kisha fungua.

Kubadilisha majina kwenye kauli (ya kwetu ipewe jina la mpinzani) ni kipimo dhaifu ukikifanya peke yako, kwa sababu unajua ulichobadilisha. Mwombe mtu mwingine akuondolee majina ndipo usome.

Mizani

Nakubaliana na Hoja Kwanza kwenye vipimo, lakini swali la pili la Mdadisi lisipite hivihivi. Kujitoa si dawa.

Kwanza, utambulisho wa kundi hauhitaji chama. Mwanasaikolojia Henri Tajfel alionyesha mwaka 1970 kwamba wavulana wa shule waliogawanywa kwa kigezo kisicho na uzito wowote, kama jinsi walivyokadiria idadi ya nukta, walianza mara moja kuwapendelea wa kundi lao walipogawa pesa. Mara nyingi walikubali hata kundi lao lipate kidogo kuliko lingeweza kupata, mradi pengo kati yao na wale wengine liwe kubwa. Hawakujuana nani yuko kundi lipi, hawakuzungumza, na hakuna aliyekuwa anajigawia mwenyewe. Sasa mtu anayesema "mimi sina upande" naye ana upande: wale wasio na upande. Ataanza kupima hoja kwa kuangalia kama inamwonyesha yuko juu ya ugomvi, na mara nyingi ataishia katikati bila kukagua kama ukweli uko katikati.

Pili, akili nyingi peke yake haikuokoi. Utafiti wa Dan Kahan na wenzake, uliosambazwa 2013, uliwapa Wamarekani zaidi ya 1,000 jedwali moja la namba. Kwa baadhi, zilikuwa za dawa ya kupaka ya vipele: waliotumia, 223 walipata nafuu na 75 walizidiwa, wasiotumia, 107 nafuu na 21 walizidiwa. Jicho linaona 223 na kushangilia. Ukigawa, waliotumia wamepona takriban asilimia 75 na wasiotumia takriban 84, maana yake dawa haifai. Wengine walipewa namba hizohizo zikiwa za miji iliyopiga marufuku kubeba bunduki kwa kificho na isiyopiga. Hapo uwezo wa hesabu ulitumika zaidi pale jibu sahihi lilipoupendeza upande wa mtu. Ni haki kusema kwamba jaribio la kurudia lililochapishwa 2021 lilipata upendeleo wa kisiasa lakini halikuthibitisha kwamba wenye hesabu kali hupotoka zaidi kuliko wengine. Hata hivyo hakuna lililoonyesha kwamba hesabu inatosha kuwa kinga.

Tatu, siasa ni kazi ya pamoja. Mwanauchumi Mancur Olson alieleza mwaka 1965 kwa nini watu wenye maslahi yaleyale hushindwa kuyapigania bila chombo cha kuwaunganisha: kila mmoja anangoja mwenzake agharamie. Mtu huru asiye na kundi anaweza kuwa sahihi kabisa na sheria isibadilike hata nukta.

Kinachostahili kulindwa ni uhuru wa kila hukumu kabla hazijajumlishwa. Mwanahisabati wa Ufaransa, Marquis de Condorcet, alipiga hesabu hiyo 1785. Chukua watu ambao kila mmoja ana uwezekano wa asilimia 60 wa kuwa sahihi kwenye swali la ndiyo au hapana. Watatu wakipiga kura, wengi wao watakuwa sahihi kwa asilimia 64.8. Kumi na mmoja, kama 75. Mia na mmoja, kama 98. Lakini hesabu inasimama tu kama kila mmoja ameamua mwenyewe. Kama hao 101 wanafuata kwa uaminifu walichoamua vigogo watatu, umerudi kwenye 64.8, na wale 98 waliobaki wamejaza ukumbi tu. Na kama kila mmoja ana uwezekano wa 40 badala ya 60, wingi unageuka sumu: kumi na mmoja watapatia kwa takriban asilimia 25. Ndiyo maana mwanachama anayefikiri mwenyewe ni faida kwa chama chake. Chama kinachomwita msaliti kinatupa kura kilizozilipia.

Katibu wa Vikao

Nyongeza upande wa vikao, maana hapo ndipo uhuru huo wa hukumu unapotea, tena ndani ya dakika tano za kwanza.

Majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch ya miaka ya 1950 yanajulikana, lakini watu huyataja nusu. Mtu mmoja halisi kati ya waigizaji, wote wanaulizwa mara 18 mstari upi kati ya mitatu unalingana kwa urefu na mstari wa mfano, na mara 12 waigizaji wote wanatoa jibu lisilo sahihi. Takriban theluthi moja ya majibu ya watahiniwa yalifuata kosa. Nusu inayosahaulika ni hii: akiwekwa mwigizaji mmoja tu anayesema kweli, makosa yalishuka hadi kama asilimia 5. Mwenza huyo akigeuka katikati na kujiunga na wengi, makosa yalipanda tena. Na hata mwenza aliyekosea kwa namna yake, tofauti na wengi, alipunguza ufuasi. Kwa hiyo kinachobana koo ni umoja usio na ufa, zaidi ya idadi ya watu.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa kamati ya watu 7 hadi 15:

1. Hoja igawiwe kwa maandishi siku mbili kabla, bila pendekezo la mwenyekiti.
2. Dakika kumi za mwanzo kila mjumbe aandike msimamo na sababu moja, bila jina. Katibu azikusanye na kuzisoma zote kwa sauti kabla ya mtu yeyote kuchangia.
3. Uchangiaji uanze na mwenye cheo cha chini. Mwenyekiti awe wa mwisho.
4. Kura ya mchujo iwe ya siri. Kama matokeo yanatofautiana sana na yaliyosemwa mezani, msipitishe. Rudini kwenye mjadala.

Hatua ya 2 huharibika katibu anapofupisha. Akisema "wengi wanaunga mkono" amerudisha mkumbo uleule tuliokuwa tunaukimbia. Asome neno kwa neno, hata zikijirudia.

Msimteue mtu awe mpinzani wa kuigiza mkadhani mmemaliza. Charlan Nemeth na wenzake walilinganisha (2001) mpinzani wa kuteuliwa na mpinzani wa kweli: wa kweli alizalisha mawazo mapya zaidi, na wa kuteuliwa aliwafanya watu watafute zaidi sababu za kubaki walipokuwa. Kila mtu anajua anaigiza, na yeye mwenyewe anajua atakapoishia. Mtafuteni aliyeandika "hapana" ya dhati kwenye hatua ya 2, mumpe muda na ulinzi.

Historia inaonyesha gharama. Kabla ya uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe nchini Kuba, Aprili 1961, mshauri Arthur Schlesinger alimwandikia Rais Kennedy waraka wa kuupinga mpango, lakini vikaoni akakaa karibu kimya. Mwaka uliofuata, kwenye mgogoro wa makombora ya Kisovieti huko Kuba, Kennedy alijiondoa kwa makusudi kwenye baadhi ya vikao ili washauri wazungumze bila kumtazama usoni.

Mdadisi

Asanteni sana. Linabaki moja: uwajibikaji wa pamoja. Uamuzi umeshapita, wewe ulipinga, na kesho unatakiwa kuutetea hadharani. Hapo akili huru inakwenda wapi?

Msemakweli

Ndugu Mdadisi, tenganisha aina tatu za kauli. Kauli za mkakati: tuandamane lini, tumsimamishe nani, tuanze na hoja ipi. Hapa kundi lina haki kamili ya kudai utii baada ya kura, kwa sababu mkakati uliogawanyika haufanyi kazi hata ukiwa mzuri. Kauli za thamani: kipi kitangulie, usawa au uhuru, leo au kizazi kijacho. Hapa unaweza kuafikiana, ukisema wazi kwamba ni maafikiano. Na kauli za ukweli: mfumuko wa bei ulikuwa kiasi gani, nani alipiga risasi, sera ilipunguza vifo au haikupunguza. Hapa kundi halina haki hata chembe. Kura ya wajumbe haibadilishi namba.

Ukitakiwa kutetea uamuzi ulioupinga, sema "chama kimeamua, na sababu zake ni hizi". Hiyo ni kweli na ni ya kinidhamu. Usiseme "ushahidi unaonyesha" kama unajua hauonyeshi. Waraka wako wa kupinga uingizwe kwenye muhtasari wa kikao, ukiwa na utabiri unaopimika na tarehe ya kuurejea, tuseme miezi 12. Bila tarehe hautafunguliwa tena.

Hatari ni kwamba viongozi hupenda kuhamisha kauli kutoka fungu moja hadi jingine. Swali la ukweli linavishwa vazi la uaminifu: "hata kuuliza tu kunampa adui silaha." Ukisikia hivyo, uliza hapohapo: tunaulizana kama jambo hili ni kweli, au kama tulitangaze sasa? La pili linaweza kungoja. La kwanza lijibiwe ndani ya kikao hichohicho. Wakikataa kulijibu mara kwa mara, na si mara moja kwa hasira za siku hiyo, unayo sababu ya kutosha ya kuondoka.

Hoja Kwanza

Nakazia kwa Msemakweli, na nyongeza moja kuhusu kura ya siri aliyoitaja Katibu. Makoloni ya Victoria na Australia Kusini (leo ni majimbo ya Australia) yalianza kuitumia kwenye uchaguzi 1856, Uingereza 1872. Kabla ya hapo Uingereza mpiga kura alitaja mgombea wake kwa sauti, mwenye shamba na mwajiri wakisikia. Siri inamlinda mpiga kura na mjumbe wa kamati anapochuja. Kwa mbunge au diwani akipitisha sheria ni kinyume, kura yake iwe wazi, kwa kuwa anaamua kwa niaba ya watu wanaostahili kumkagua. Vyama vingi vinapindua: kamati zinanyoosha mikono mbele ya mwenyekiti, halafu wawakilishi wanapitisha mambo kwa makelele ya "ndiyo" ambayo hakuna anayeweza kuyafuatilia. Mdadisi, ukitaka pa kuanzia kwenye kundi lako, angalia kwanza kura ipi ni ya siri na ipi ni ya wazi.