Moshi wa matanuri na malori: tuanze na wagombea au tuanze na sheria ndogo?

DirishaWazi (mleta uzi)
Habari za humu wakuu. Sisi ni kikundi cha wakazi. Upande mmoja wa mtaa kuna matanuri ya matofali, upande wa pili barabara ya malori. Uchaguzi wa madiwani umebakiza miezi saba. Mgombea mmoja anasema tumpe kura, yeye atatuletea sheria ya hewa safi. Wenzetu wengine hawataki kusikia habari za wanasiasa, wanataka tuandike rasimu ya sheria ndogo wenyewe tuipeleke halmashauri. Tuna saini 600 na kifaa kimoja cha kupima vumbi. Tuanzie wapi, na watu huwa wanakwama wapi?

KifunguKidogo
Kwanza jueni nani ana mamlaka juu ya kila chanzo. Matanuri kwa kawaida hubanwa na halmashauri kupitia leseni, matumizi ya ardhi na sheria za kero. Ubora wa dizeli na viwango vya moshi wa magari mara nyingi viko serikali kuu. Halmashauri hubaki na njia za malori, saa za kupita na maegesho. Mkivichanganya kwenye waraka mmoja, mwanasheria wa halmashauri ataurudisha wote kwa sababu ya ile nusu isiyomhusu.

Angalieni Kraków, Poland. Wakazi walishinikiza hadi baraza la mkoa likapitisha, mwaka 2013, marufuku ya kuchoma makaa ya mawe na kuni majumbani. Mahakama ya utawala ikaifuta. Ikabidi sheria ya nchi irekebishwe kwanza, 2015, ili mikoa iwe na mamlaka yasiyo na utata. Baraza likapitisha azimio jipya Januari 2016, na marufuku ikaanza kazi tarehe 1 Septemba 2019. Miaka mingi iliyeyuka kwa sababu ya msingi wa kisheria, si kwa kukosa watu barabarani.

MpimaVumbi
Nizungumzie hicho kifaa, maana ndicho kitakachoshambuliwa kwanza. Vifaa vya bei nafuu huhesabu chembe kwa mwanga wa leza. Unyevu ukipanda, chembe hufyonza maji na kuvimba, kifaa kikasoma juu kuliko hali halisi. Mtaalamu wa upande wa pili akizikuta namba za alfajiri yenye ukungu hamjazisahihisha, atatupilia mbali na zile nzuri.

Ombeni kukiweka kando ya kituo rasmi cha vipimo kwa wiki mbili hadi nne, mpate kiwango cha kusahihishia. Baadaye kifungeni mita 2 hadi 3 kutoka ardhini, mbali na jiko na bomba la moshi la nyumba. Siku yenye data chini ya saa 18 msiitolee wastani. La muhimu kuliko yote, andikeni upepo unatoka wapi kila saa. Wastani wa mwezi unasema hewa ni chafu tu. Saa za upepo wa upande wa matanuri zikilinganishwa na saa za upepo wa upande wa barabara ndizo zinazoonyesha uchafu unatoka kwa nani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kwa chembe za PM2.5 (vumbi laini sana, chini ya mikromita 2.5) ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa saa 24. Msichukue kilele cha saa moja mkakilinganisha na 15. Vikundi vingi huumbuka hapo. Na gesi ya NO2 (nitrojeni dioksidi) ya malori kifaa chenu hakiioni kabisa. Hiyo inataka mirija maalumu inayotundikwa wiki mbili hadi nne kisha inapelekwa maabara.

MezaYaKatibu
Saini 600 zinaweza kufika mezani zikawa 200. Zinazokatwa ni za watu wasio wakazi wa eneo, zisizo na anwani, zilizojirudia, na karatasi ambazo maneno ya ombi hayapo juu ya kila ukurasa. Hili la mwisho huwashangaza wengi: mtu anatakiwa aonekane alisaini nini. Mwombeni katibu wa halmashauri kanuni za maombi ya wananchi kwa maandishi, pamoja na tarehe ya mwisho ya kupokea hoja za bajeti. Sheria ikipita baada ya bajeti kufungwa, mtakaa mwaka mzima na sheria isiyo na mkaguzi.

DirishaWazi
Asanteni sana. Na huyu mgombea je? Tumpige chini?

BiRatiba
Msimpige chini, wala msimbebe. Mkifungamana naye, akishindwa mmeshindwa pamoja, na akishinda wapinzani wake wataipinga sheria yenu kwa sababu ni yake. Pia kikundi kilichosajiliwa kama asasi isiyo ya kisiasa kinaweza kuzuiwa na sheria kumpigia debe mtu, na huenda matumizi ya kampeni yakatakiwa kutangazwa. Ulizeni tume ya uchaguzi mapema.

Waandikieni wagombea wote barua ileile, siku ileile, na mwisho wa kujibu uleule. Maswali yasizidi matatu. "Je, unaunga mkono hewa safi?" halina maana, hakuna atakayejibu hapana. Ulizeni: "Ndani ya miezi 6 ya kwanza utawasilisha hoja ya ukaguzi wa matanuri? Utapiga kura ya kutenga mshahara wa mkaguzi mmoja?" Majibu yachapisheni neno kwa neno, na asiyejibu aandikwe hakujibu. Barua zitoke sasa, wakati ilani bado zinaandikwa. Wiki ya mwisho ya kampeni kila mtu huahidi kila kitu.

Tena msimdharau mtu asiye na cheo. Baada ya moshi mzito ulioifunika London Desemba 1952, mbunge wa kawaida, Gerald Nabarro, alipeleka muswada binafsi wa hewa safi mwaka 1955. Aliuondoa serikali ilipoahidi kuleta wake, na sheria ikapita 1956.

MizaniSawa
Mnasahau kwamba wenye matanuri na vibarua wao nao wanapiga kura. Sheria hiyo ya 1956 ilimrudishia mwenye nyumba angalau asilimia 70 ya gharama ya kubadili meko katika maeneo yaliyopigwa marufuku ya moshi. Linganisheni na Julai 2023: uchaguzi mdogo wa ubunge wa Uxbridge, pembeni mwa London, uligeuka kura ya hasira dhidi ya kupanua eneo la tozo ya magari machafu London, na chama kilichoipinga kikashinda kwa kura 495. Ruzuku ya kuachana na magari ya zamani ilifunguliwa kwa wakazi wote wa London baada ya uchaguzi huo. Fedha ya kuhama itangulie adhabu, na tarehe zake ziandikwe ndani ya sheria.

KifunguKidogo
Naunga mkono. Sasa rasimu. Kifungu kibovu husomeka hivi: "Halmashauri inaweza kuchukua hatua zinazofaa dhidi ya moshi uliozidi." Hakuna anayewajibika hapo. Jaribuni hivi: "Afisa mazingira atakagua kila tanuri lenye leseni angalau mara moja kila miezi 3 na kubandika matokeo hadharani ndani ya siku 14. Tanuri likishindwa mara 2 mfululizo, leseni yake itasimama hadi lipite ukaguzi mpya."

DirishaWazi
Afisa atapimaje bila mashine ya gharama?

MpimaVumbi
Kuna chati ya Ringelmann, vivuli vya kijivu kutoka 0 hadi 5, kila kivuli asilimia 20. Uingereza inahesabu moshi kuwa wa giza ("dark smoke") kuanzia kivuli namba 2. Mkaguzi husimama jua likiwa mgongoni kwake, anatazama moshi unapotoka na kuandika kivuli kwa vipindi vilivyopangwa. Usiku chati haifai, na matanuri mengi huwashwa usiku. Kwa hiyo wekeni na kifungu cha vitu vya kuchoma: marufuku kuchoma matairi, plastiki na oili chafu, na mkaguzi aruhusiwe kuingia mchana kuangalia kilichorundikwa uani.