Volti za resista na koili nikijumlisha zinazidi za chanzo, hizi fezori zikoje?

mwanafunzi_umeme:
Wakuu habari zenu, niko diploma ya umeme na hii mada ya fezori, vile vimshale vinavyozunguka vya kuwakilisha mawimbi ya AC, inanitoa jasho. Tumepewa resista ya ohm 30 na koili yenye riaktansi (upinzani wake kwa mkondo wa AC) ya ohm 40, zimeungwa kwa mfululizo kwenye 230V 50Hz. Mkondo napata ampia 4.6, sawa. Sasa volti za resista zinakuja 138, za koili 184, nikijumlisha ni 322 wakati chanzo kinatoa 230 tu, hizo zingine zimetoka wapi?? Nikafikiri labda 322 ndo kilele cha wimbi maana 230 mara 1.414 ni 325, zinakaribiana kabisa. Halafu kile kimshale kinachozunguka kinahusiana nini na waya ambao umetulia tu hapo mezani? Fomula ninazo, naomba maana yake.

sakiti_na_chai:
Mkuu hiyo 325 itoe kichwani, namba zimegongana tu. Weka resista ya ohm 48 na koili ya ohm 14, mkondo unabaki 4.6 ila jumla yako inashuka hadi 285 na kilele kiko palepale 325.

Ishu ni kwamba voltmita inakupa ukubwa, haikwambii kilele kinatokea muda gani. Volti za resista zinapanda na kushuka pamoja na mkondo. Koili yenyewe inapinga mabadiliko ya mkondo, kwahiyo volti zake zinakuwa kubwa pale mkondo unapobadilika kwa kasi sana, yaani unapopita sifuri, na mkondo ukifika kileleni, ambapo kwa kitambo kidogo haupandi wala haushuki, volti za koili ni sifuri. Ndo maana zinatangulia mkondo kwa robo mzunguko, nyuzi 90, na kwa 50Hz hiyo ni milisekunde 5. Ukisimamisha wakati sehemu yoyote ukajumlisha volti za pale pale unapata za chanzo bila kuzidi hata kidogo, sheria ya Kirchhoff ya kujumlisha volti kwenye mzingo wa sakiti haijavunjwa. Wewe umejumlisha vitu viwili ambavyo vilele vyao havikutani.

Sasa kimshale. Chora mshale unaozunguka, fuatilia kimo cha ncha yake, unapata wimbi lilelile la AC. Urefu ni ukubwa, pembe ni muda. Na kwa vile kila kitu kwenye hiyo sakiti kinazunguka kwa kasi moja, mara 50 kwa sekunde, pembe kati ya mishale haibadiliki, so unaigandisha yote na mzunguko unausahau. Resista 138 kuelekea kulia, koili 184 kuelekea juu, ni kama mtu katembea hatua 138 mashariki akakata kaskazini hatua 184, toka alipoanzia yuko umbali wa hatua 230. Pembe kati ya volti za chanzo na mkondo inakuja nyuzi 53.

Ile j ya kwenye fomula zako nayo ni amri ya kugeuza mshale nyuzi 90, basi, ndo maana tunaandika 30 + j40. Mhandisi Steinmetz alipoipeleka njia hii kwenye mkutano wa umeme Chicago mwaka 1893 hesabu ndefu za kalkulasi zikageuka kuwa kujumlisha na kugawanya namba changamano, na kwangu mimi ni moja ya zawadi kubwa tulizowahi kupata kwenye fani hii.

fundi_fezi_tatu:
Naongezea kidogo, mbona hiki kitu tunakiona site kila siku. Pima fezi na nyutro unapata 230, pima fezi kwa fezi unapata kama 400, sio 460 wala sio sifuri. Mishale miwili ya 230 iliyoachana nyuzi 120, umbali wa ncha kwa ncha ni 230 mara 1.732, yaani 398.

mwanafunzi_umeme:
Aisee sasa naona mwanga, asanteni sana. Nikiongeza kapasita ya riaktansi ohm 40 kwenye hiyo hiyo laini inakuwaje? Mshale wake unashuka chini so unafuta wa koili?

sakiti_na_chai:
Ndio, unafuta kabisa, inabaki ohm 30 tu na mkondo unapanda hadi 7.67. Ila kuwa makini hapa, kufutana ni kwa jumla yao tu, kila kimoja peke yake kina volti 307 juu yake, zaidi ya chanzo, na hizi ni za kweli, kilele chake ni kama 434. Kapasita iliyoandikwa 250V usiiweke hapo hata kwa majaribio. Na pia hizi fezori ni za sakiti iliyokwisha tulia, ile sekunde unawasha swichi mkondo unaweza ukafanya mambo mengine ambayo mishale hii haikuonyeshi.