Nimechoka! Enaji, hivi vinywaji vya kuchangamsha, zinauzwa getini kwa watoto wa shule hapa Tanga na kila mtu anasema "ni soda tu"

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira, nikikosea herufi mnisamehe, tangu juzi sijalala vizuri.

Mwanangu yupo kidato cha pili, ana miaka 15, mwembamba, kilo 42, kapimwa juzi hospitali ndo maana najua. Usiku wa Jumanne saa saba na nusu nasikia mlango wa chumba chake, kutoka namkuta kakaa kibarazani kajishika kifua, ananambia mama moyo unaenda mbio nashindwa kulala. Namshika mkono unatetemeka, viganja vimelowa jasho la baridi, nikamwekea mkono kifuani ule moyo unagonga mpaka nausikia kwenye mfupa wa kiganja changu. Nikamwamsha bibi yake. Bibi kumtazama tu akasema mtoto kaingiliwa huyu, akaanza kutafuta chetezo na udi, akataka niende nikamgongee mwalimu aje amsomee. Simlaumu mama yangu hata kidogo, enaji haijui, anachojua yeye ni mtoto anayetetemeka usiku wa manane na kwetu hapa hilo lina maana yake. Mimi nikampigia kijana wa bajaji wa mtaani tukaondoka.

Daktari, kabla hata hajamgusa, akamuuliza "umekunywa enaji ngapi leo?" Mtoto kainama. Tatu. Moja baada ya mpira, moja akielekea tuisheni, ya mwisho saa mbili usiku ili akeshe anasoma maana wana majaribio wiki hii. Wakambandika yale mawaya kifuani, wakamweka chini ya uangalizi mpaka alfajiri, moyo ukatulia wenyewe polepole. Daktari akaniita pembeni akasema mama shukuru, kipimo hakijaonyesha hitilafu, ila wapo watoto wanazaliwa na kasoro ya moyo na hakuna anayejua, si mtoto si mzazi, mtoto kama huyo akipiga dozi hii anaweza kuanguka palepale. Akaniambia pia mimi siyo mzazi wa kwanza kufika na kesi hii. Hapo ndo nilipoanza kuchemka, kumbe wanajua, hospitali wanajua na huku mtaani hakuna aliyewahi kutuambia kitu!

Asubuhi nikafungua begi lake, nikakuta chupa mbili tupu zimebonyezwa chini ya madaftari. Nikawasha tochi ya simu nisome lebo. Jina lake kubwa linawaka, mnyama kachorwa anaunguruma, halafu pembeni kabisa kwenye maungio ya lebo kuna maandishi ya Kiingereza madogo kama mayai ya chawa yanasema kinywaji hiki hakifai kwa watoto wala wajawazito. Kwa Kiingereza! Kiswahili chake wamekiweka kwenye tangazo la kuuzia, onyo wakaliacha Kiingereza.

Kafeini, ile kemikali ya kuchangamsha iliyomo hata kwenye kahawa na chai, imeandikwa 30 mg kwa kila 100 ml, chupa ni 300 ml, kwa hiyo chupa moja ni 90 mg, tatu ni 270. Sasa sikilizeni, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2015 walitoa kipimo, mtoto na kijana asizidi 3 mg kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwanangu kilo 42, zidisha mara tatu, 126. Yeye kanywa 270, zaidi ya mara mbili, tena bila kuhesabu chai aliyokunywa asubuhi. Mtu mzima mwenye afya wamempa mwisho 400, na ndo hapo watu wanapochanganya, baba mtu wa kilo 80 anakunywa moja anaona mbona mimi sidhuriki, wewe una kilo 80 ndugu yangu na mwili wako ulishamaliza kukua!

Na sukari je? Lebo inasema 11 g kwa 100 ml, yaani chupa moja 33 g, hivyo ni vijiko vya chai nane. Nikimkorogea mwanangu vijiko nane kwenye kikombe kimoja cha chai mbele ya majirani si wataniita nataka kumuua? Shirika la Afya Duniani (WHO) wanashauri mtu ikiwezekana asifike hata 25 g kwa siku. Tatu ndo kashakunywa 99.

Halafu hii ya kusomea ndo inaniuma kuliko zote maana watoto wameaminishana kwamba ukinywa unafaulu. Daktari kanieleza vizuri sana, ubongo ukichoka unatoa kemikali ya kukwambia umechoka lala, kafeini inachofanya ni kuja kukalia kiti cha ile kemikali, uchovu uko palepale ila mlango umezibwa usiusikie. Na haitoki haraka, baada ya saa tano hivi nusu yake bado ipo mwilini. Chupa ya saa mbili usiku, saa saba usiku bado nusu inatembea kwenye damu. Mtoto halali, kesho yake anasinzia darasani, anachapwa kwa kusinzia, jioni ananunua nyingine ili asisinzie. Mwalimu wake alishanilalamikia mara mbili kwamba mtoto siku hizi mkali na analala darasani, mimi nikadhani ni ukubwa unaanza.

Sasa tuje kwenye lile duka. Sitalitaja. Liko hatua thelathini kutoka geti la shule, nikaenda mchana Jumatano nikasimama pale kama mteja wakati wa mapumziko. Wakuu, friji ya kioo iko mlangoni, rafu mbili za juu zote enaji, maji yapo chini kabisa. Watoto wa sare wamejaa, wengine wa shule ya msingi hawafiki hata kwenye kaunta, wanatoa jero wanapewa chupa baridi wanafungulia hapohapo. Nikamwambia muuzaji kaka hizi si za watoto. Akanijibu bila hata kuniangalia, "mamaangu hii ni soda tu, nisipowauzia mimi watanunua kwa jirani." Nikaenda kwa mkuu wa shule, akaniambia nje ya geti si mamlaka yake. Nikaenda serikali ya mtaa, wakaniambia duka lina leseni. Basi, kila mmoja kanawa mikono na mtoto kabaki na moyo wake.

Nikwambieni kitu, hapa Ngamiani wazee wa kahawa wapo tangu mimi sijazaliwa, kahawa chungu kile kikombe kidogo kama kiganja cha mtoto. Sijawahi hata siku moja kumuona mzee wa kahawa anammiminia mtoto wa shule. Mtoto akisogea barazani ananunua kashata yake anaambiwa haya kimbia. Hakuna sheria iliyoandikwa, watu wazima tu walijua kahawa si ya mtoto. Leo kafeini ileile imetiwa rangi, sukari na gesi, imewekwa kwenye friji, na watu wazima walewale wanampa mtoto chenji na mrija.

Na msiniambie hili haliwezekani kuzuiwa. Lithuania walipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 tangu 2014, Latvia wakafuata 2016, Poland 2024. Uingereza supamaketi kubwa zenyewe 2018 ziliacha kuwauzia walio chini ya miaka 16. Madaktari wa watoto Marekani walishasema tangu 2011 vinywaji hivi havina nafasi kabisa kwenye chakula cha mtoto na kijana. Na tusiende mbali, hapahapa kwetu viroba, zile pombe kali za vifuko, vilipigwa marufuku Machi 2017 vikaisha madukani, mifuko ya plastiki Juni 2019 leo tunabeba vikapu. Nembo ya TBS, shirika la viwango, ipo kwenye chupa sibishani, lakini nembo inasema kinywaji kimetengenezwa kwa kiwango, haijasema kauze kwa mtoto wa darasa la sita. Sitaki zifungiwe, dereva wa lori anayetoka Horohoro usiku anywe yake ni mtu mzima. Nataka zitoke mbele ya shule, na onyo liandikwe kwa Kiswahili herufi ambazo mama yangu anazisoma bila miwani.

Najua wapo watakaokuja kuniambia lea mwanao. Namlea. Kosa langu nalisema, nilikuwa nampa hela ya kula sikuuliza anakula nini, na siku moja mwenyewe nilimnunulia hiyohiyo katoka mpirani Mikanjuni na lile joto nikiamini inarudisha nguvu. Hairudishi, mtoto katokwa na jasho anataka maji, dafu tumejaaliwa Tanga hii tele. Lakini mimi nikiwa kazini kuanzia saa moja asubuhi mpaka jioni, anayemlea mwanangu ni yule aliyesimama kwenye kaunta.

Tumeshapatana wazazi sita kwenye grupu la darasa, Ijumaa kuna kikao cha wazazi nitasimama na hizi chupa mbili mkononi. Ninachoomba kwenu, mwenye kujua utaratibu wa jiji letu, tukitaka sheria ndogo ya kuzuia enaji kuuzwa karibu na shule tunaanzia kwa mtendaji wa kata, kwa diwani au tunapeleka barua moja kwa moja halmashauri? Na saini za wazazi zinahitajika ngapi? Mnijibu hapahapa kabla ya Ijumaa.