Naomba ushauri: ngazi za kinga kwenye mtihani wa uuguzi wa afya ya jamii

Habari zenu wakuu, hasa manesi mliotangulia. Najiandaa na mtihani wa afya ya jamii, Azimio la Alma-Ata la 1978 (lile la huduma ya afya ya msingi) na chanjo niko vizuri ila ngazi tatu za kinga (ya kwanza kuzuia ugonjwa usitokee, ya pili kuugundua mapema, ya tatu kuzuia madhara kwa aliyekwisha kuugua) ndo zinanikwamisha. Chanjo ni ya kwanza, kupima presha watu wasio na dalili ni ya pili, sasa likija swali mwenye kisukari anafundishwa kukagua miguu yake kila siku, wenzangu wanasema hiyo ni elimu kwahiyo ya kwanza, majibu yanasema ya tatu. Nimepitia madesa, tumejadili kwenye grupu, bado tunabishana.

Je mnaangalia kitendo chenyewe au hali ya mgonjwa? Na maswali ya visa vya wagonjwa mnayafanyiaje mazoezi? Nataka niielewe sio kukariri, maana ndo kazi yenyewe. Natanguliza shukrani.