Mfuko wa mashabiki msimu huu: straika wa Mombasa, nauli, au vijana wetu?

Mweka Mfuko

Assalaam aleikum wanabaraza. Usajili umebakisha siku chache kufungwa, na mfuko wetu wa mashabiki wa timu ya hapa Amu (Lamu) safari hii una kitu ndani. Si hela za kutingisha meza, lakini kwa mara ya kwanza tunaanza msimu hatudaiwi na mwenye basi. Kabla kamati haijanikalia kikao, nataka kusikia kwenu zitumike wapi.

Maoni niliyoyaokota pale barazani Mkunguni ni ya namna tatu. Wako wanaotaka tumlete straika kutoka Mombasa, mtu aliyekwisha kuonja ligi za juu, tutoke Daraja la Pili tupande mwaka huu huu. Wako wanaosema zote ziende kwenye safari: boti, basi, malazi na chakula cha ugenini. Na wako wanaotaka timu ya chini ya miaka 17 ipate mipira, njumu na mkufunzi wake, tuvune baada ya miaka mitatu.

Siwafichi, mimi naegemea safari. Hesabu ndiyo inayonitisha. Chukua mechi 10 tu za ugenini na msafara wa watu 22, wachezaji pamoja na benchi. Kwenda na kurudi ni nauli 440 za boti ya Mokowe, gati ya upande wa bara, na 440 za basi, na hapo hujala, hujalala, hujanunua hata barafu ya kumkanda mtu goti. Straika mmoja atazila nusu yake kabla hajafunga kamba za viatu. Lakini mimi ni mtu wa daftari, pengine naogopa kupita kiasi. Semeni.

Winga Teleza

Waaleikum salaam. Kila mwaka ni nauli, nauli, nauli! Msimu uliopita tulifika kila tulikoitwa, tukarudi na nini? Pale Twaha, uwanja wetu wa nyumbani, peke yake nilihesabu sare saba za bila kwa bila. Geuza tatu tu ziwe ushindi, hizo ni alama sita zaidi, na sote tunajua alama sita zingetuweka wapi kwenye jedwali. Timu yetu inajua bao la kete, la wavuni haijui.

Halafu wakati wenyewe ndio huu. Agosti 2025 nchi nzima ilikuwa kwenye mpira. Harambee Stars wamewafunga Morocco, wamewafunga Zambia, wakatolewa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, na Madagascar kwa mikwaju ya penalti tu. 2027 AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja kwetu, Tanzania na Uganda. Wenye pesa wanaanza kuangalia mpira wa hapa, na hakuna atakayeandika jina la duka lake kwenye jezi ya timu ya nafasi ya tisa. Straika kwanza.

Mzee wa Mkomani

Winga mwanangu, hilo la kete limenichekesha peke yangu barazani hadi mjukuu akauliza nina nini.

Feisal ya Mombasa ilipochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965 nilikuwa mtoto wa chuoni. Watu wazima walitembea kama wao ndio waliofunga mabao. Tangu hapo Pwani tunangoja. Bandari ya Mombasa, na gati zote zile nyuma yao, wamebeba Ngao, kombe la mtoano la nchi, 2015 na 2019, lakini kwenye ligi msimu wa 2018/19 wakaishia wa pili. Nawe wataka straika moya ashuke kwenye boti Amu atupandishe? Akiya, atakaa miezi miwili, atauliza mshahara u wapi, atarudi na basi la asubuhi.

Kura yangu ni kwa vijana. Watoto wa hapa wanacheza mchangani jioni mpaka adhana ya magharibi, wengine hata viatu hawana. Hao hawatatoroka, watatoroka waende wapi?

Mama wa Kipa

Nyinyi mwazungumza jedwali, mimi nitazungumza matumbo na miguu, kwa sababu kipa mnayemzomea ni wa kwangu.

Siku ya mechi ya Malindi naamka saa tisa ya usiku. Mahamri, mbaazi za nazi, chai kwenye chupa. Boti gizani hadi Mokowe, kisha basi. Hindi, Witu, Gamba, Minjila. Kila kizuizi wanashuka, kitambulisho mkononi, mzigo unapekuliwa, wanapanda tena. Wale wawili wa miaka 17 ambao hawajapata kitambulisho hubeba barua, na barua kila askari huisoma kwa namna yake. Hadi Malindi ni kilomita 220 hivi. Mwanangu ni mrefu, anakunja magoti njia nzima. Wanafika, wanakula nusu sahani ya wali kwa sababu bajeti ni nusu sahani, saa kumi wako uwanjani Alaskan. Lile bao la dakika za mwanzo tunalofungwa kila tukienda si la kipa. Ni la basi.

Na wakati wa kurudi? Jioni hiyo hiyo hawawezi. Wanalala kwa mtu, wengine sakafuni, asubuhi ndio wanaianza njia tena. Mwenye kazi amekosa siku mbili za kibarua, mwenye shule ndiyo hivyo.

Novemba 2023 maji ya Mto Tana yalipofunika barabara, mwaikumbuka? Abiria walikuwa wakivushwa kwa boti mahali ambapo basi linapita siku zote. Straika wenu wa Mombasa angevuka?

Mimi sitaki makubwa. Nataka wafike siku moja kabla ya mechi, walale kitandani, wale washibe. Halafu mkifungwa mzomeeni, nitawasaidia.

Refa Mstaafu

Mama amesema ya moyoni, mimi niongeze ya kanuni kwa sababu naona yamesahaulika. Ukikosa kufika, mwenzako anapewa alama tatu na mabao mawili bila kutoka jasho. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ukirudia, unatolewa. SoNy Sugar walikuwa mabingwa wa nchi mwaka 2006. Mwaka 2019, baada ya mfadhili wa ligi kujiondoa mwezi wa Agosti, walikosa mechi ya tatu wakafukuzwa Ligi Kuu. Timu yenye kiwanda cha sukari! Sisi tuna kiwanda gani?

Kwa hiyo kati ya hizo tatu, moja si chaguo, ni sharti. Safari ikishalipiwa, kilichobaki ndicho cha kupigania.

Winga Teleza

Refa, sijasema tusisafiri. Nasema tusisafiri ili kuhesabiwa tu kwamba tulikuwepo.

Muamu wa Jeddah

Salaam kutoka mbali. Mimi hutuma changu kila mwezi, kwa hiyo nina haki ya kuropoka kidogo.

Kwa wanaopenda mpira wa Uingereza: angalieni Luton Town. Mwaka 2009 walidondoka nje kabisa ya ligi za kulipwa, msimu ambao walianza wakiwa wamekatwa alama 30. Wakakaa huko miaka mitano, wakarudi 2014, wakapanda ngazi moja moja, na 2023 wakaingia Ligi Kuu kwa penalti dhidi ya Coventry. Uwanja wao ni mdogo, mlango wa mashabiki wa ugenini unapita katikati ya nyumba za watu, kama uchochoro wa Langoni. Kwa hiyo inawezekana, ila kwa mwendo wa kobe.

Shabiki wa Alaskan

Ndugu wa Jeddah, simulia hadi mwisho. 2024 wakashuka, 2025 wakashuka tena. Ngazi ya kupandia ndiyo hiyo hiyo ya kushukia 😂

Mimi niko Malindi, lakini bibi yangu ni wa Faza, huko huko Lamu, kwa hiyo niruhusuni. Huku tulishajaribu njia ya Winga. Timu moja, sitaitaja, ilisajili wachezaji wanne kutoka nje kwa mkupuo. Hadi Disemba tulikuwa tunaimba. Mabao yalikuwa yanaingia kweli, sitadanganya, yule namba 9 alikuwa hatari. Januari pesa zikakauka. Wawili wakaondoka kimyakimya, wa tatu akabaki lakini akawa anacheza kama anayepita njia. Vijana wa nyumbani waliokuwa wamewekwa benchi walikuwa wameshakata tamaa, wengine wamekwenda kufanya kazi mahotelini maana ndio msimu wa wageni. Tuliponea chupuchupu kushuka.

Shida yetu sisi si barabara, ni hoteli. Wageni wakija, nusu ya timu iko kazini, na huwezi kumlaumu mtu anayelisha nyumba. Nyinyi mna barabara. Kila timu ya Pwani ina jini lake.

Kwa malazi ya Malindi, mimi nina vyumba viwili vitupu nyuma ya nyumba. Leteni magodoro, chakula cha usiku tutachangishana huku.

Mama wa Kipa

Allah akulipe kheri. Andika namba yako kwa Mweka Mfuko, si hapa.

Nahodha

Mimi ni nahodha wa boti, si wa timu, lakini naona mmesahau jini la pili la Amu. Kaskazi ikitulia, bahari ikiwa shwari, vijana wanakwenda dago, kambi za uvuvi za mbali. Beki wetu wa kati wote wawili ni wavuvi. Msimu uliopita walikosa mechi nne mfululizo, mmoja alirudi amekuwa mweusi kama chungu, na pumzi hana kwa sababu mwezi mzima alikuwa amekaa chomboni. Kwa samaki wa wiki moja anapata zaidi ya mtakachompa kwa msimu mzima. Kusi ndiyo wakati wetu wa kuwa na timu kamili, bahari imechafuka na kila mtu yuko nyumbani.

Kwa hiyo kama mnataka kusajili, msisajili straika. Sajilini beki mmoja asiyejua kuvua.

Jambo jingine. Kuna waliotaka mechi kadhaa za nyumbani tukachezee Mokowe, tupunguze gharama za boti na timu za bara zisilalamike. Mimi ndiye mwenye boti, ningepoteza biashara, lakini sikatai kwa sababu hiyo. Nakataa kwa sababu nimewaona wapinzani wakishuka pale gatini: mmoja ameshika tumbo, mwingine ameshika dua. Kisha wanakutana na punda wamelala karibu na kona ya uwanja na wanashangaa badala ya kupasha misuli. Hizo ni alama, mnataka kuziuza?

Winga Teleza

Nahodha kwa mara ya kwanza tumekubaliana. Twaha haihamishwi.

Mzee wa Mkomani

Na mapato ya mlangoni nayo yatabaki kwa nani mkienda Mokowe? Wazee kama sisi hatuvuki bahari kwenda kutazama sare ya bila kwa bila. Tutaitazama hapa hapa.

Refa Mstaafu

Naomba tujibu na swali la matarajio, maana ndilo lililoanzisha haya. Wangapi hapa wanaamini kwa dhati tutapanda? Mimi nasema nafasi ya tano. Juu ya Daraja la Pili kuna Daraja la Kwanza, kisha Supa Ligi, ndipo Ligi Kuu, na kila ngazi safari zinazidi kuwa ndefu. Tukipanda leo tutacheza mbali zaidi ya Malindi na Mombasa. Mama wa Kipa ataamka saa ngapi?

Mama wa Kipa

Sitalala kabisa.

Muamu wa Jeddah

Mimi nasema tatu bora. Niacheni na ndoto yangu, huku bahari ya kuangalia ipo, lakini si ya Amu.

Winga Teleza

Nafasi ya pili, na mtakuja kuniomba msamaha.

Mweka Mfuko

Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Nitakachopeleka kwa kamati ni hiki. Nauli za mechi zote za ugenini zitengwe kwanza, zikae kando, zisiguswe hata mtu akifiwa na mbuzi. Malindi tutalala kwa Shabiki wa Alaskan, kwa hiyo safari hizo tutaondoka siku moja kabla. Kwa Mombasa natafuta mtu kama yeye, anayejua mtu aseme. Mama, chakula cha njiani nitakuja kukaa na wewe tupange, nusu sahani imekwisha.

Kitakachobaki si cha straika, Winga, samahani. Ni mipira 12 na njumu za vijana, na mkufunzi wa jioni kama Mzee atapata wa kujitolea. La beki asiyejua kuvua limenishika, nitaliuliza, ila apatikane humu humu. Kuna yule kijana wa Hindi aliyecheza nasi mechi za kirafiki, mrefu, wa mguu wa kushoto. Familia yao ni wakulima.

Nahodha

Huyo namjua. Akipanda boti anafumba macho hadi gatini. Msajilini leo.

Winga Teleza

Sawa, nimeshindwa kwa kura. Lakini jezi namba 9 atavaa nani?

Mama wa Kipa

Mpeni wangu. Kudaka kwenyewe mmemchosha.