Tupeane uzoefu: vijana wa Lamu, swaumu na sigara

Assalamu alaykum. Ramadhani ishabisha hodi. Mnaokaa na vijana wa miaka 14 hadi 18, nyumbani au chuoni (madrasa), leteni mbinu za kuwaachisha sigara mwezi huu. Mawaidha tumeyasikia, sasa tupeane kazi.

Ustadhi wa Langoni: Mchana si tatizo. Alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na ushei, na wanazimaliza. Nikotini, ile inayomfunga mvutaji kwa sigara, hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo adhana ya magharibi humkuta na chembe tu damuni. Nusu saa baada ya tende ndiyo inayotupotezea watoto. Anachepuka kichochoroni, anavuta tumbo tupu, kichwa kinazunguka, na kizunguzungu kile ndicho akipendacho. Mpe kazi papo hapo: agawe uji, akusanye vikombe, atandike mikeka ya tarawehe. Kiu yenyewe ya sigara ikipanda haikai sana, dakika chache tu. Mswaki wa mti mdomoni, maji kidogo kidogo.

Mama Shela: Angalieni na kahawa chungu. Moshi wa sigara huufanya mwili uiondoe kahawa upesi. Akiacha, vikombe vilevile vinamkalia: mikono inatetemeka, usingizi hauji, naye adhani ni arosto (taabu ya mwili ukikosa sigara). Apunguze nusu. Arosto yenyewe ni kali siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea kwa wiki mbili hadi nne.

Mkomani: Msianze na "haramu". Kijana ajua wako wanazuoni waliosema makruhu (yachukiza, si haramu), atawazungusha mpaka isha. Anzeni na hadithi ya Mtume kwamba aliyekula kitunguu thaumu asikaribie msikiti. Hiyo haihitaji ubishi: safuni mabega yanagusana, na kanzu yake inanuka. Lakini akitangazwa kwenye kipaza sauti mmemkosa, atahamia baraza ya miraa, na huko fegi (sigara) haziishi.

Ustadhi wa Langoni: Na duka je? Sheria ya Kenya ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 yakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na yakataza kuuza moja moja. Hiyo moja moja ndiyo biashara yenyewe, maana pesa ya kijana haifiki pakiti. Waende wazee wawili watatu kwa mwenye duka, kwa upole, kabla ya mwezi kuandama. Kile kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa uzi dirishani nacho kiondoke.

Mama Shela: Tena siku ya Idi, mkono wa Idi, zile pesa wanazopewa vijana, ndio ununuao pakiti. Mpeni viatu.