Ufukwe uwe wazi kwa kila mtu, au mwenye hoteli awe na haki ya kuufunga? Mjadala wa watu wa Dodoma

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Najua wengine mtauliza mtu wa Dodoma anatafuta nini kwenye mambo ya bahari. Mada hii inatuhusu kuliko zamani. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam mpaka Dodoma, Julai 2024, bahari imesogea. Nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa shilingi 31,000, unaondoka asubuhi na mchana umeshafika. Familia ambazo zamani ziliiona bahari kwenye kalenda ya ukutani sasa zinakwenda Pasaka, zinakwenda Idi, zinakwenda shule zikifungwa. Mimi nafurahi sana kwa hilo.

Ila ukishafika Dar, kushuka mchangani unapitia wapi?

Nilikwenda na watoto na dada yangu, tukaelekea upande wa kaskazini ya jiji. Kuta zimefuatana, hoteli na nyumba za watu, na kila geti lina mlinzi. Tukapata kichochoro kimoja wanachotumia wavuvi, tukashuka. Maji yalikuwa yamekupwa, ufukwe mpana, watoto wakakimbia mpaka wakachoka. Mbele kidogo kulikuwa na kamba imefungwa kwenye vigingi, kutoka ukutani hadi karibu na maji, na kijana mwenye filimbi akatuambia kuanzia pale ni eneo la hoteli, kila kichwa kilipie. Nikamwambia hatutaki viti wala bwawa, tunapita tu. Akasema bila kulipa hakuna kupita. Tukageuka. Kumbe maji yalikuwa yameshaanza kujaa, na tuliporudi kwenye ukuta wa jirani mawimbi yalikuwa yanaugonga. Ule mchanga tuliopitia haukuwepo tena. Dada yangu alimbeba mdogo begani, mimi nikawashika wawili mikono, maji yakatufika mapajani.

Sasa hoja yangu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa, mto au bwawa. Watu wengi wanaijua hiyo mita 60 na wanaitaja kila mara. Wasichokiona ni kwamba kifungu hicho kinazuia kujenga, hakisemi mwananchi ashuke wapi. Unaweza kuwa na mita 60 safi kabisa, halafu nyuma yake viwanja vimeshikana bila hata upenyo, na ufukwe huo ukawa wa wenye viwanja peke yao. Kwa hiyo nasema mambo mawili: mchanga uwe wa kupita kila mtu, na kila baada ya umbali fulani pawepo njia ya miguu ya umma ya kushukia, iliyochorwa kwenye ramani ya mipango miji. Hoteli itoze viti, miavuli, choo na bwawa. Kupita isitoze.

Karibuni.

Mdau wa Ilazo

Napinga, na ninapinga kwa sababu nimefanya kazi hotelini pwani kabla sijahamia huku. Mkuu, ufukwe haujisafishi. Kipindi cha kusi bahari inatupa mwani mchangani, asubuhi yote umelala pale unanuka. Masika ndiyo balaa, mito ya jiji inashusha chupa na mifuko, vyote vinarudi ufukweni. Sisi tulikuwa tunaamka gizani na reki na toroli kabla mgeni hajaamka. Nani aliyekuwa anatulipa? Hoteli. Ukitembea mpaka ulipokwisha uzio wetu ulikuwa unaona mstari kabisa, huku kweupe, kule takataka.

Na usalama je? Mgeni akiibiwa simu anapoogelea, anakuja mapokezi, haendi kulalamika kwa halmashauri. Mtoto wa mtu akizama mbele ya hoteli ni waokoaji wetu waliokuwa wanaingia majini, hata kama hakulipa senti. Gharama zote zibaki kwa hoteli halafu kila anayetaka apite bure? Mwekezaji gani atakubali?

Mdau wa Kizota

Naunga mkono hoja. Ila msiichanganye Zanzibar humu, sheria hiyo ya 2004 ni ya Bara. Zanzibar wana sheria zao za mazingira.

Mleta mada

Asante kwa hilo, mkuu wa Kizota. Nazungumzia Bara.

Mdau wa Ilazo, nimekusoma na nakuheshimu kwa kuwa umelifanya kwa mikono yako. Usafi una gharama, hilo sibishani nalo. Lakini hoja yako inathibitisha kwamba halmashauri imeuacha ufukwe, haithibitishi kwamba hoteli imepata haki ya kuufunga. Hoteli inalipa ushuru na kodi, sehemu irudi ufukweni kama mishahara ya wasafishaji na waokoaji. Vinginevyo tukubali kwamba anayefagia barabara mbele ya duka lake anaruhusiwa kufunga kamba barabarani.

Halafu kuna jambo moja hukuligusa. Zile kuta zenyewe zinakula ufukwe. Kunduchi, huko kaskazini ya Dar, wamepigana na mmomonyoko tangu miaka mingi. Mmoja akijenga ukuta kuzuia bahari, wimbi linarudi na mchanga wa mbele yake na kumchimba jirani ambaye hajajenga, naye inabidi ajenge. Kwa hiyo hata hiyo sehemu mnayoisafisha inazidi kuwa nyembamba kila mwaka. Niliyoyaona siku ile, maji kugonga ukuta na njia kupotea, chanzo chake ni kujenga karibu mno. Mita 60 zingeheshimiwa tangu mwanzo, hata hoteli zenyewe zingekuwa salama.

Mzaliwa wa Pangani, naishi Nkuhungu

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Mnajadili bahari kama mahali pa kuogelea tu. Kwetu ufukwe ni kazi. Diko, yaani pale vyombo vya uvuvi vinapofikia, likizibwa, mvuvi anashusha wapi samaki? Ngalawa inavutwa juu mchangani, nyavu zinatandikwa na kushonwa hapo hapo, mama anayekaanga samaki anasubiri hapo na karai lake. Hao hawawezi kupita kwenye kichochoro cha mita moja kama wa kutembea. Njia ya diko iwe ya kupita mkokoteni, na ikiwezekana gari la barafu. Mleta mada, njia yako umeichora kwa ajili ya watalii wa treni. Anza na wavuvi, watalii wataipita hiyo hiyo.

Na la pili, sikubaliani na "wazi kwa kila mtu" kila mahali na kila saa. Kasa wanapanda kutaga usiku. Taa, kelele, moto wa kuchoma nyama mchangani, akiona hivyo anageuka na kurudi majini bila kutaga. Mnakijua kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani? Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, kilikuwa na mivinje na kasa walikuwa wanataga. Miti imekwisha, kimebaki fungu la mchanga ambalo bahari inalifunika maji yakijaa. Mayai yanayotagwa pale yasipohamishiwa bara yanaoza. Maana yake zile fukwe za bara ndizo zimebaki tegemeo. Kwa hiyo mahali penye viota, usiku pafungwe, na pafungwe kwa wote, hata mgeni wa hoteli ya bei mbaya.

Mleta mada

Kaka wa Pangani, umenijenga. La diko nalichukua lilivyo, njia ya kwanza iwe ya mvuvi. La kasa pia, mradi anayefunga awe mamlaka na sababu ibandikwe pale watu waisome. Kamba ya hoteli haina kiota.

Mwalimu, Kondoa

Niruhusuni nipinge kwa upande mwingine kabisa. Kwa nini tuhangaike na mchanga wa watu wa pwani wakati vivutio vya hapa kwetu vimelala? Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150. Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huku mwaka 1951 akiinakili. Barabara ya Dodoma mpaka Babati ni lami. Unatoka Dodoma asubuhi, unafika Kolo, unapanda mlima na mwongozaji, unaona twiga na swala na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, jioni umerudi kwako. Wanafunzi wangu wametembea pale. Mwambie mtu wa Dodoma mjini akuelekeze Kolo uone.

Na hapo mna funzo la mjadala wenu. Mungumi wa Kolo, moja ya sehemu zenye michoro, ni eneo la hifadhi, kuna ofisi na kuna kiingilio, lakini bado ni mahali pa tambiko. Warangi bado wanakwenda kuomba mvua. Kuhifadhi hakukumwondoa mwenyeji.

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo. Kolo nimefika na nitarudi. Ila sioni kwa nini moja liue lingine. Kule mchoro ukiguswa unafutika, ukimwagiwa maji ili rangi ikolee kwenye picha ndiyo umeumaliza, kwa hiyo mwongozaji na kiingilio vina maana yake. Mchanga haufutiki kwa nyayo za watoto. Hilo la tambiko ndilo nalitaka kabisa, kwamba haki ya mwenyeji iwepo kwanza, tiketi ifuate.

Dereva, njia ya Iringa

Mnaongea ya mbali. Hiyo sheria aliyoitaja mleta mada si ya bahari tu, kasema mwenyewe ziwa, mto na bwawa. Sasa mimi napita Mtera kila siku. Abiria wakifika darajani wote wanataka kushuka, samaki wa kukaanga, upepo wa maji, picha. Bwawa kubwa lile, upande huu Dodoma upande ule Iringa. Sehemu ya kukaa hakuna, choo cha maana hakuna, mtu ananyoosha miguu kando ya lami malori yakipita. Nenda Singida mjini, ziwa Singidani lipo pale pale mjini na heroe wanatua, mtu wa Dodoma hajawahi kulisikia. Hombolo ni bwawa la mwaka 1957, ni hapa hapa jijini, Jumapili vijana wanakwenda kukaa kwenye nyasi basi. Hamuoni kwamba ya Dar yatakuja huku?

Mdau wa Ilazo

Dereva amesema kweli. Na mimi nitasogea kidogo: kupita mchangani bure naweza kukubali, kama halmashauri italeta wasafishaji na waokoaji kwanza. Kwanza, siyo baadaye. Nimeona ahadi nyingi za "tutaleta". Ukifungua leo bila mtu wa kufagia, baada ya sikukuu moja utapata ufukwe ambao hata wewe hutampeleka mtoto. Coco Beach watu wanakwenda bure, mihogo na pweza wa kutosha, safi sana, lakini pita Jumatatu asubuhi uone kilichobaki mchangani.

Mleta mada

Hapo mkuu hatuko mbali tena. Mimi ningesema njia na wasafishaji viingie kwenye bajeti moja, mwaka mmoja. Nikisubiri wasafishaji kwanza, viwanja vitakuwa vimeshauzwa vyote na njia haitapatikana kwa bei yoyote. Ukuta ukishasimama na hati ikishatoka, kurudisha mita tatu za njia ni kesi ya mahakamani na fidia. Kuchora njia kabla ya kupima hakugharimu hata kigingi cha ziada. Hiyo ndiyo sababu naharakisha njia kuliko reki.

Dereva, umenifungua macho, na naomba tuipeleke mada hapo. Dodoma inapimwa kwa kasi tangu Serikali ihamie, na kila upande wa jiji kuna mawe ya mipaka. Kandokando ya Hombolo bado tunaweza kusema, huku bahari ya Dar tumeshachelewa sehemu kubwa. Mapendekezo yangu: mchoro wowote wa mipango miji utakaogusa maji ya Hombolo uonyeshe njia za umma za kushukia, moja yake iwe ya wavuvi na ya kunyweshea mifugo, pana, maana Wagogo wana ng'ombe na ng'ombe haombi ruhusa getini. Mita 60 zipigwe mawe sasa, zipimwe kutoka maji yanapofika mwisho masika, siyo kiangazi bwawa likiwa limenywea.

Mzaliwa wa Pangani, naishi Nkuhungu

Hilo la kipimo ndilo lenyewe. Hata baharini ugomvi wote uko hapo. Kuna maji ya kawaida na kuna bamvua, siku bahari inapojaa kuliko kawaida, na bamvua kubwa maji yanapanda karibu mita nne kutoka yalipokupwa. Aliyepima siku ya maji mafu, bahari isipopanda sana, amejipa kiwanja ndani ya bahari. Wakipima Hombolo, wazee wa pale waulizwe maji ya mwaka wa mvua kubwa yalifika kwenye mti gani.

Mwalimu, Kondoa

Hapo nimekubali. Nani anajua michoro ya mipango miji ya upande ule ikibandikwa inabandikwa wapi, kata au jiji?

Mleta mada

Mwalimu, tuanzie ofisi ya kata, Hombolo. Wiki hii nakwenda kuomba kuuona mchoro kama upo, na kuuliza kikao cha wananchi kitaitwa lini. Wa Hombolo mliomo humu, nani yuko tayari tuongozane? Dereva, kwa upande wa Mtera nawe waulize wavuvi wa darajani wanashushia wapi sasa hivi, na kama kuna aliyeanza kuweka uzio.